Dokta Priscila na Moto wa Nemba

Ukitaka kugombana na Dokta Priscila, washa kuni karibu na mtoto. Mengine yote atakuvumilia. Unaweza kumchelewesha, unaweza kumwita "binti" mbele ya wagonjwa, unaweza hata kumwambia kwamba majani ya jirani yako yanatibu kifua kuliko dawa zake, naye atacheka tu. Lakini moshi! Siku ya kwanza alipofika katika hospitali yetu hapa Biharamulo, kabla hajaonyeshwa hata kiti chake, alikwenda moja kwa moja dirishani mwa wodi ya watoto wachanga, akavuta hewa puani, akanigeukia.

"Nesi Suzan, hapa mnalaza watoto au mnakausha samaki?"

Nilinuna. Mimi ni mtu wa hapa hapa, nimezaliwa Nyarubungo, na katika wodi ile nimekaa muda mrefu kuliko mapazia yake. Sikupenda kusemwa na mgeni ambaye viatu vyake bado havijapata vumbi letu. Lakini alikuwa na haki. Nyuma ya ukuta ule ndipo ndugu wa wagonjwa walipokuwa wakipikia. Kila aliyelazwa ana mama au dada aliyemfuata na sufuria, kila sufuria na mafiga yake, na upepo ukigeuka kidogo moshi wote unaingia kwetu, kwa watoto ambao mapafu yao hayajamaliza hata kukunjuka. Sisi tulikwisha kuzoea. Tulikuwa tukifunga madirisha na kuona kazi imekwisha.

Yeye hakuzoea. Alikwenda kwa wakubwa wa hospitali, akaenda kwa madiwani, akasimama kanisani baada ya misa, akaomba nafasi msikitini akaongea na akina mama, mpaka banda la kupikia likahamishiwa upande wa pili ambako upepo hauleti kitu. Kisha akamgeukia Maduhu, mchoma matofali, aliyekuwa na tanuri nyuma ya uzio. Maduhu ni pande la mtu, sauti yake inasikika ng'ambo ya bonde, lakini mpaka leo akimwona Dokta Priscila mbele yake hugeuza baiskeli.

Msidhani alikuwa anapigana peke yake. Madaktari wa watoto wana umoja wao, na walikuwa wamekubaliana waende kwa viongozi kila wilaya kuidai hewa safi kwa ajili ya watoto kama watu wanavyodai barabara na maji. Tatizo, alikuwa akituambia, tunawatibu kifua, tunawarudisha kwenye moshi uleule, wanaturudia. Alilisema hilo mara nyingi mpaka sisi manesi tukawa tunalimalizia kabla yake.

Alikuwa Mhangaza wa Ngara, wa kule milimani karibu na mpaka wa Burundi. Baba yake katekista, mama yake mkulima wa migomba na maharage. Masista walimchukua shule ya bweni akiwa bado mdogo, kutoka hapo ikawa Dar es Salaam, vitabu juu ya vitabu, mpaka akawa daktari bingwa wa watoto. Wenzake wengi walibaki huko kwenye lami. Yeye aliomba arudishwe huku, na hilo nilimheshimu tangu mwanzo ingawa sikumwambia.

Alikuwa na fahari moja iliyokuwa ikinichekesha, nayo ni Kihangaza chake. Akisikia mzazi ametoka Ngara, basi Kiswahili anakiweka pembeni. "Mwacha asili ni mtumwa, Suzan," ananiambia. Mimi Kihangaza changu ni cha sokoni, naweza kununua mkungu wa ndizi na kukataa ulioiva sana, basi. Kwa hiyo sikuweza kujua kwamba Kihangaza cha Dokta kilikuwa kimebaki palepale alipokiacha, kimevaa bado sare ya shule ya msingi. Wazee walijua. Lakini nani amwambie daktari? Walimpenda hivyohivyo, wakawa wanatabasamu.

Hapo ndipo anapoingia Ishimwe. Alikuwa binti mdogo, mke wa Anatory, mkulima wa Nemba ambaye watu wake walihamia kutoka Ngara kutafuta mashamba. Alijifungua kabla ya wakati, mtoto wa kiume, mdogo hata baba yake akaogopa kumshika. Na walikuwa wamekwisha kuzika mmoja. Sisi mtoto wa namna hiyo tunamwita njiti. Tulimfunga kifuani pa mama yake kwa kitenge, ngozi kwa ngozi, ile tunayoiita kangaruu, na Dokta akawa anapita kumchungulia kila mara kama mtu aliyeteleka maziwa. Mtoto akanyonya. Akapata mashavu. Akajifunza kulia kwa hasira, jambo ambalo kwa njiti ni habari njema. Siku aliyoruhusiwa kwenda nyumbani akina mama wa wodini walipiga vigelegele.

Aliyekuja kuwachukua ni mama mkwe wake Ishimwe, Bibi Agripina. Anatory alikuwa shambani. Bibi alikuwa mwembamba, msafi, rozari shingoni, kitenge kimepigwa pasi kwa siku hiyo. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu.

"Shikamoo, bibi," Dokta akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Basi Dokta akafurahi, akamshika mkono, akaanza Kihangaza. Nilikuwa nimesimama pale na dawa za kwenda nazo nyumbani. Nilimwona anagusa kifua chake, anaonyesha mtoto, anaonyesha nje kwenye baridi, anatikisa kichwa. Nililisikia neno moja likirudiwa: umuriro. Bibi akakunja uso kidogo, akauliza, "Umuriro?" Dokta akajibu kwa nguvu, "Ego, umuriro," yaani ndiyo, mchana na usiku, asikose. Bibi akamtazama mkwe wake. Ishimwe akainamisha kichwa. Bibi akaitikia kwa adabu, akamshukuru Dokta kwa kumshika mikono yote miwili, wakaondoka.

Walirudi kabla msimu wa mvua haujaisha. Mtoto alikuwa anahema kama aliyekimbia, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, midomo ina rangi nisiyopenda kuiona. Nilipomfungua kile kitenge, harufu iliyotoka ilikuwa ya jikoni. Nguo, kofia, nywele za mama yake, vyote vilinuka moshi. Tulimweka kwenye oksijeni, mipira puani, Dokta anafanya kazi midomo imemkauka. Mtoto alipotulia kidogo tu, Dokta akauliza kwa Kiswahili, mbele ya wodi nzima, nani aliyewasha moto chumbani.

Bibi Agripina akainua mkono kama mtoto darasani.

Siku ile nilimwogopa Dokta. Hakupiga kelele, afadhali angepiga kelele. Alimweleza Bibi kwa sauti ya kawaida, na Ishimwe akitafsiri huku analia, kwamba amechukua mtoto aliyeokolewa kwa jasho la watu wengi akamkausha juu ya kuni kama samaki. Kwamba chumba hakina dirisha, mlango umefungwa, kuni zinawaka mchana na usiku, alitaka nini? Alitaka kumwua? Anatory alikuwa amesimama mlangoni, amekuja mbio kutoka shambani, jembe lake nadhani bado lilikuwa nje. Alisikia yote. Alimtazama mama yake kwa jicho ambalo mzazi hapaswi kutazamwa nalo.

Bibi alisema neno moja tu, kwa Kiswahili chake kidogo. "Mnisamehe."

Tangu hapo hakumsogelea mtoto. Alikaa kwenye benchi la varandani. Kila asubuhi alikuwa akifua vitenge vyake vyote bombani, anavianika kwenye uzio, vikikauka anavinusa kimoja kimoja, kisha anavifua tena. Chakula cha Ishimwe alikileta mpaka mlangoni akakiweka chini. Wodini wakamwita Bibi Moshi. Aliyeanzisha jina hilo simjui. Wenzangu wanasema ni mimi, nami sijakana sana.

Anatory akakata shauri. Alinieleza mwenyewe, macho yakiwa chini: mtoto akipona, Bibi harudi Nemba. Atampeleka Ngara, kwenye kile kinyumba cha zamani cha ukoo, akae huko. Hawezi kuzika mtoto wa pili kwa mkono wa mama yake. Alikuwa mwana mwema, ndiyo maana ilimwuma. Lakini alikwisha kusema.

Sasa, umoja wa madaktari wa watoto ulikuwa umepata nafasi ya kuzungumza katika kikao kikubwa wilayani, pamoja na madiwani na watendaji wa kata. Dokta Priscila ndiye angezungumza kwa upande wetu. Alitaka wakubali mambo mawili: kila kituo cha afya kiwe na jiko lisilo na moshi kwa ajili ya wazazi na ndugu zao, na wanaochoma matofali na mkaa wakae mbali na wodi na shule. Alikuwa ameambiwa kwamba takwimu haziwaamshi madiwani, apeleke mfano wa mtu. Bwana Rwekaza, ambaye angeongoza kikao, alikuwa amekwisha kusikia habari za Bibi wa Nemba na akazipenda sana. "Mila potofu hizi ndizo zinazotumaliza," alisema. "Tueleze hiyo, dokta, watu watalia."

Dokta, pamoja na hasira zake, ni mtu wa haki. Akaona si vizuri kumsema mtu hadharani bila kumwomba ruhusa. Akaniita twende wote kwa Bibi pale benchini, na Ishimwe naye, maana mtoto alikuwa amelala, na mama wa kitanda cha pili alikuwa akimwangalia.

"Mwulize," Dokta akamwambia Ishimwe, "nataka tu kuelewa. Kwa nini aliwasha moto?"

Ishimwe hakutafsiri. Alijikunja kwenye benchi akitazama miguu yake.

"Mwulize, mwanangu."

"Dokta, si uliagiza wewe?"

"Niliagiza nini?"

"Siku ile tunaruhusiwa. Ulimwambia Mama asimnyime mtoto umuriro. Mchana na usiku."

"Ndiyo, nilimwambia. Umuriro. Joto. Amfunge kifuani, amfunike, asipate baridi."

Ishimwe akaninong'oneza mimi badala ya kumjibu yeye, kama vile mimi ndiye nitakayeweza kulibeba. "Nesi, umuriro ni moto. Moto wenyewe. Wa kuni."

Nilimtazama Dokta. Alikuwa bado anatabasamu lile tabasamu la mtu anayesubiri mwenzake amalize kukosea. Kisha likamtoka. Akina mama wa Ngara kila siku wanakuja wanasema, "Dokta, mtoto ana umuriro," wanamaanisha homa, mwili unawaka moto, kama nasi tunavyosema. Kwa miaka yote hiyo neno lile masikioni mwake lilikuwa ni la kipimajoto tu. Na neno la joto la kukumbatiwa lipo, mama yake mwenyewe alikuwa akilitumia kila jioni ya baridi, lakini lilibaki nyumbani siku masista walipomchukua. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nimelisikia tangu utotoni, na sikuwahi kumwona mtu aliyejikwaa hivyo mpaka siku ile.

"Mbona hamkusema?" akauliza. "Nilimtukana mbele ya watu. Mbona hakusema?"

Safari hii Ishimwe alitafsiri. Bibi Agripina alijibu kirefu, kwa upole, akinyoosha kitenge chake magotini.

"Anasema aliona ajabu kidogo, sisi wenyewe siku hizi tunajua moshi ni mbaya. Lakini dokta aliyemtoa mtoto kwenye kifo akikwambia washa moto, wewe ni nani? Akawa anaamka kila mara kuchochea usizime. Na anasema mtu aliyekuokolea mtoto humwaibishi mbele za watu. Anasema labda alizidisha kuni."

Labda alizidisha kuni! Dokta alipiga magoti palepale kwenye saruji, koti lake jeupe na yote, akashika miguu ya Bibi. Bibi alishtuka akamwinua, akitazama huku na huku watu wasije wakaona. Alikuwa bado anamlinda.

Mtu mwingine angeenda saa ileile kumtafuta Anatory. Nilimwambia hivyo. "Dokta, mwite mume wa Ishimwe leo. Anataka kumfukuza mama yake."

"Nitamwambia, Suzan. Baada ya kikao."

"Kwa nini baada?"

Alinieleza, na ubaya ni kwamba maelezo yake yalikuwa na akili. Habari ikivuja kwamba daktari mwenyewe ndiye aliyeagiza moto, Bwana Rwekaza atacheka, madiwani watacheka, na majiko hayatapita tena. Watoto wangapi wataumia kwa ajili ya aibu yake mmoja? Kikao ni wiki ijayo tu. Mfano wa Bibi hatautumia, atatafuta mwingine. Na mtoto bado yuko kwenye oksijeni, hakuna anayekwenda popote. Baada ya kikao atakwenda Nemba kwa miguu yake.

Sikumwambia mtu. Yeye ni daktari, mimi ni nesi, na siri ilikuwa yake. Lakini nilimwona siku zile. Chai yake ilipoa mezani. Akipita varandani alikuwa akipitia upande wa pili asikutane na lile benchi. Mara moja nilimkuta bombani anafua kitenge cha Bibi, anakisugua kwa nguvu kana kwamba yeye ndiye aliyekivaa. Nilimnyang'anya nikakisuuza. Mtoto akaanza kupona, mipira ikatolewa puani, na hata hilo halikumfurahisha kama ilivyokuwa desturi yake.

Halafu asubuhi moja benchi likawa tupu. Ishimwe alidhani mama mkwe amekwenda Nemba kuchukua unga. Nasi tukadhani hivyohivyo, kwa kuwa ndivyo tulivyotaka kudhani.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Madaktari wa watoto walikuja kutoka wilaya za jirani, madiwani, watendaji, wazee wa makanisa, na wazazi wachache waliowahi kulea njiti, Anatory akiwa mmojawapo, amekaa nyuma karibu na mlango. Dokta alizungumza vizuri. Aliwaeleza jinsi kifua cha mtoto mchanga kilivyo, jinsi moshi wa jiko moja unavyoingia kwa mama na kukaa naye. Walisikiliza. Alikuwa anakaribia kumaliza salama kabisa, ndipo Bwana Rwekaza akadakia kwenye kipaza sauti.

"Dokta, usituruke. Tupe ile ya bibi wa Nemba. Aliyemkausha mjukuu!"

Ukumbi ukacheka. Si kwa ubaya, watu wamekaa muda mrefu wanapenda kucheka. Dokta alishika meza. Nilimwona anatazama nyuma ya ukumbi, anamwona Anatory, ambaye hakuwa anacheka.

"Moto ule niliuwasha mimi," akasema.

Wakadhani ni fumbo. Akaendelea. Akasema kwamba Bibi yule aliambiwa na daktari, kwa lugha yake mwenyewe, asimnyime mtoto umuriro. Alipolitaja tu neno lile, Wahangaza waliokuwa ukumbini wakaangua kicheko kabla wengine hawajaelewa, kisha kicheko kikawakwama kooni mmoja mmoja. Akawaeleza waliobaki kwa Kiswahili. Akasema jina la Bibi Agripina, lote, na kwamba hakuna mila iliyomwumiza mtoto yule. Kilichomwumiza ni daktari aliyejiona anajua lugha ya mama yake kuliko mama wengine, na chumba kisicho na dirisha. Akasema kama wanataka kumcheka mtu, yuko mbele yao.

Nyuma kabisa Anatory akasimama, kofia mkononi.

"Dokta," akasema. "Mama nimempereka Ngara juzi."

Alikuwa anasema na Dokta tu, kwa lafudhi ya kwao Ngara, kana kwamba ukumbi mzima umetoka nje.

"Ulijua rini?"

Angeweza kusema jana. Angeweza kusema leo asubuhi. Wengi tungesema hivyo.

"Wiki iliyopita," akajibu.

Anatory akatikisa kichwa polepole, akavaa kofia, akatoka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini sikujua kwamba huumiza na tumbo la mtu mwingine kabisa ambaye hakungoja chochote. Bwana Rwekaza akakohoa, akarudi kwenye ajenda. Na mnajua, yote mawili yalipita. Yale majiko yalipita, na matanuri yakaambiwa yasogee. Diwani mmoja alisema ni mara yake ya kwanza kumsikia mtaalamu akikiri kosa, na kwa hilo tu anainua mkono. Watu walipiga makofi. Dokta alikuwa amekaa, mikono mapajani, anatazama ule mlango aliopitia Anatory.

Tulikwenda Ngara mara tu Ishimwe na mtoto waliporuhusiwa. Anatory alikubali kutuongoza. Njiani hakumsemesha Dokta, naye hakumlazimisha. Gari liliacha lami, likapanda vilima, baridi ikaanza kuingia madirishani ingawa jua lilikuwa juu.

Kinyumba cha ukoo kilikuwa pembeni mwa migomba. Jirani, mama mmoja aliyeitwa Speciosa, alitupokea barabarani kabla hatujafika, uso umejaa malalamiko aliyokuwa ameyaweka akiba.

"Afadhali mmekuja. Huyu mama yenu hapiki. Tangu afike hajawasha moto. Nikimpelekea kiporo anakula kikiwa baridi hivyohivyo. Nikimwambia nimwashie, anasema hapana, yeye na moto wameachana. Na huku kwetu mnajua kulivyo na baridi!"

Tulimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni, amejifunika vitenge viwili, mikono imejikunja kwapani. Alipomwona mtoto mgongoni kwa Ishimwe aliinuka haraka, kisha akakumbuka, akarudi nyuma hatua mpaka akagusa ukuta. Anatory alimwendea. Alipiga magoti mbele ya mama yake, akasema naye Kihangaza kwa muda, analia wazi bila kujificha. Bibi alimpapasa kichwa. Ishimwe akanitafsiria: amesema amemsamehe, alimsamehe siku ileile ndani ya basi. Kuja Nemba atakuja, atamwona mjukuu. Lakini jikoni kwa mkwe wake hataingia, na moto hawashi tena.

Dokta Priscila alikuwa amesimama uani akisikiliza. Sijui alielewa kiasi gani, siku hizi alikuwa anaogopa hata kuitikia. Kisha akavua koti lake, akalitundika kwenye mgomba. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na vijiti na majani makavu ya mgomba. Akachagua mahali katikati ya ua, mbali na mlango, upepo unapopita, akasogeza mawe matatu. Akaomba kiberiti kwa Speciosa. Yule mwanamke aliyemhamisha Maduhu na tanuri lake, aliyewafundisha madiwani uchafu wa moshi, akapiga magoti katika vumbi la Ngara akaanza kupuliza.

Hakujua. Vijiti alivipanga kama anayejenga uzio. Kiberiti cha kwanza kikazima, na cha pili. Bibi Agripina alimtazama kwa muda, akavumilia, mwisho uvumilivu ukamshinda. Akaacha ukuta, akaja akachuchumaa kando yake, akavitoa vijiti vyote akavipanga upya.

"Sogea, mwanangu," akamwambia kwa Kiswahili chake kidogo. "Usirie."

Maana Dokta alikuwa analia. Na kabla hamjaniambia ni moshi, kuni zilikuwa bado hazijashika.